Kabla ya kuongeza bando, ondoa lumbesa kwenye kivinjari

HAKUNA mfanyabiashara wa mahindi wa Ufipa asiyeijua lumbesa. Ni gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa juu ya mdomo wake, na mkulima hulipwa gunia moja ilhali ndani kuna zaidi ya gunia. Wakala wa Vipimo umepiga vita mtindo huo kwa miaka mingi, kwa sababu iliyo wazi: katika lumbesa, mmoja anabebeshwa mzigo ambao hakukubaliana kuubeba, na gharama inabaki kwake.

Ipo lumbesa nyingine inayoingia mifukoni mwa wafanyabiashara wa Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere kila siku, na hii haina mkaguzi wala mizani. Ni lumbesa ya kurasa za mtandao. Mtu anafungua ukurasa ili aone bei ya mahindi au ya hisa. Anachokihitaji ni mistari 10 ya maandishi na tarakimu. Anachopewa ni picha kubwa, video inayojicheza yenyewe, matangazo, na vijiprogramu vinavyofuatilia kila anachobonyeza. Vyote hivyo vinapita kwenye bando lake. Ukurasa ukichelewa kufunguka, anaamini kwamba bando limekuwa dogo, anakwenda kununua vocha.

Safu hii inashika msimamo kwamba kununua bando kubwa zaidi iwe hatua ya mwisho. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji inaweza kupunguzwa na mtumiaji mwenyewe, bila fundi na bila senti, kwa kurekebisha mipangilio ya kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia kurasa kama vile Chrome, Firefox au Opera Mini. Akishamaliza sehemu yake, ndipo atakuwa na haki na ushahidi wa kuwadai wengine wawili: kampuni ya simu inayomuuzia mtandao, na taasisi inayomwekea ukurasa mzito.

Hesabu ya hasara

Tuanze na tarakimu, maana biashara ni hesabu. HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya kurasa duniani, ulionyesha kuwa Oktoba 2024 ukurasa wa kati, ukifunguliwa kwa simu, ulikuwa na uzito wa zaidi ya megabaiti 2. Maana yake nusu ya kurasa zilizopimwa zilikuwa nzito kuliko huo.

Hapo msomaji awe macho na vipimo viwili vinavyofanana majina. Kampuni za simu hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini bando na uzito wa ukurasa huhesabiwa kwa megabaiti. Megabaiti 1 ni megabiti 8. Kwa hiyo mtu mwenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde atasubiri sekunde 16 ili ukurasa wa megabaiti 2 uishe kushuka, hata kama mambo mengine yote yako sawa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayefungua kurasa 40 za namna hiyo kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Bando linaloliwa ni zaidi ya gigabaiti 2. Muda anaoutumia kutazama duara likizunguka ni zaidi ya saa 4 na nusu kwa mwezi. Kama kurasa hizo zingekuwa na uzito wa kilobaiti 300 tu kila moja, zingekula megabaiti 312, na kusubiri kusingefika dakika 45. Kasi ya mtandao katika mifano yote miwili ni ile ile. Kilichobadilika ni mzigo.

Hasara haiishii kwenye bando. Shughuli nyingi za biashara sasa zimehamia mtandaoni zikiwa na saa yake ya kufunga. Ritani ya VAT inatakiwa kuwasilishwa kabla ya kupita tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Zabuni za Serikali hupitia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023, na muda wa zabuni ukiisha mlango unafungwa. Soko la Bidhaa, TMX, huendesha minada ya mazao kwa njia ya mtandao, ambamo bei huwekwa ndani ya muda maalumu. Mwekezaji mdogo anaweza kununua na kuuza hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa simu kupitia Hisa Kiganjani. Katika yote hayo, mtu wa Sumbawanga anashindana na mtu wa Dar es Salaam kwa saa ile ile. Anayechelewa hulipa kwa faini, kwa zabuni iliyopotea, au kwa bei iliyokwisha kupanda.

Je, tatizo ni umbali?

Jibu linalotolewa mara nyingi mjini ni kwamba Sumbawanga iko mbali, na mtandao hauwezi kuwa mwepesi kama wa Dar es Salaam. Kwa zamani jibu hilo lilikuwa na ukweli mkubwa. Kabla ya mwaka 2009 mawasiliano ya Tanzania na dunia yalitegemea satelaiti kwa kiasi kikubwa. Satelaiti za aina hiyo hukaa karibu kilometa 36,000 juu ya ardhi, na kwenda na kurudi kwa ujumbe mmoja huchukua karibu nusu sekunde. Ukurasa mmoja huhitaji safari nyingi za namna hiyo.

Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Mwaka huo huo wa 2009 Serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, ambao umefika makao makuu ya mikoa, Sumbawanga ikiwamo. Mwanga ndani ya nyaya hizo husafiri karibu kilometa 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Ufipa ni zaidi ya kilometa 1,000 za barabara, lakini kwa mwanga huo ni sehemu ndogo ya sekunde ambayo jicho halioni.

Umbali, basi, si kisingizio tena kwa mtu aliyeko mjini. Kinachobaki ni kipande cha mwisho: kutoka mnara hadi simu, na kutoka simu hadi kwenye kioo. Hapo ndipo pa kuchunguza.

Pima kabla ya kulaumu

Mfanyabiashara hapokei mzigo bila kuupitisha kwenye mizani. Mtandao nao una vipimo vitatu ambavyo hata mtoto wa shule anaweza kuvifanya.

Cha kwanza, ukurasa ule ule unaokusumbua ufungue kwa simu ya mwenzako mwenye laini ya kampuni ile ile, mkiwa mmesimama mahali pamoja. Kwake ukifunguka haraka, mnara hauna kosa. Kosa liko kwenye simu yako.

Cha pili, kwa simu yako hiyo hiyo fungua ukurasa mwingine mwepesi. Huo ukifunguka bila taabu, basi aliyelemewa ni mwenye ukurasa wa kwanza, na kununua bando hakutakusaidia chochote.

Cha tatu, tumia laini ya kampuni nyingine kwenye simu hiyo hiyo. Tofauti ikiwa kubwa, umepata jibu kuhusu kampuni yako kwa eneo hilo. Zipo pia tovuti za kupima kasi, mfano fast.com, lakini zitumie kwa kiasi kwa sababu kipimo chenyewe kinakula bando. Mara tatu zinatosha: saa 12 alfajiri, saa 6 mchana na saa 2 usiku. Andika matokeo kwenye daftari. Kasi ikiwa nzuri alfajiri na mbovu usiku, mnara umezidiwa na watu.

Mwenye kufanya vipimo hivyo atajua mapema anashughulika na nini. Asiyevifanya atamlaumu mtu asiyehusika, na huenda akahama kampuni bure.

Herufi iliyo juu ya kioo

Karibu na alama ya minara, simu huonyesha herufi. Ikiandika E, uko kwenye teknolojia ya 2G, na hapo hakuna mpangilio wowote wa kivinjari utakaoleta maajabu. Ikiandika H au 3G, kazi ya kawaida inawezekana. Ikiandika 4G au LTE, umepata nafasi nzuri zaidi.

Wapo watu wanaotembea na simu ya 4G lakini wanaona H au E mwaka mzima mjini Sumbawanga. Sababu zake ni za kawaida. Huenda mipangilio ya mtandao wa simu ilifungwa kwenye 2G au 3G ili kutunza chaji, ikasahaulika. Huenda laini yenyewe ni ya zamani, iliyotolewa kabla ya 4G, na inatakiwa kubadilishwa dukani kwa namba ile ile. Huenda chumba kimezungukwa na mabati, na hatua 5 kuelekea dirishani zinabadilisha herufi. Yote hayo yakaguliwe kabla ya kitu kingine.

Ukweli usemwe pia kwamba uwanda wa Ufipa hauko sawa kila mahali. Mtu anayeshuka kutoka uwandani kuelekea Bonde la Ziwa Rukwa au mwambao wa Ziwa Tanganyika hupita mabonde ambamo mnara hauonekani. Huyo hana la kurekebisha. Mei 2023 Serikali na kampuni za simu zilitia saini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na vijiji vya namna hiyo vina haki ya kuuliza utekelezaji wake umefika wapi.

Kusafisha kivinjari

Sasa tufungue Chrome, kwa kuwa ndicho kivinjari kinachokuja na simu nyingi. Jambo la kwanza ni idadi ya kurasa zilizoachwa wazi. Kwenye kona ya juu kuna kiboksi chenye namba. Wengi wakikitazama watakuta 30, 60, au alama ya uso unaotabasamu, maana yake zimepita 99. Kwa simu au kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, mzigo huo unaifanya iburute. Funga usizozihitaji.

La pili ni arifa. Tovuti nyingi huuliza kama unakubali kuletewa taarifa, na mtu mwenye haraka hubonyeza kukubali. Baada ya miezi 6 simu inapokea matangazo mchana na usiku. Ingia Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa, uondoe tovuti zote usizozifahamu.

La tatu ni viongezi kwenye kompyuta, yaani vijiprogramu vinavyojibandika juu ya kivinjari. Vingine viliingia pamoja na programu ya bure ya kupakua muziki. Kila kimoja kinafanya kazi kila ukurasa unapofunguka. Usichokitumia kiondoe.

La nne ni umri wa kivinjari chenyewe. Katika ofisi na steshenari nyingi bado zipo kompyuta za Windows 7. Chrome 109, iliyotoka Januari 2023, ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa mashine hizo. Windows 10 nayo ilimaliza muda wake wa kawaida wa matunzo 14 Oktoba 2025. Kivinjari kilichopitwa na wakati huchelewa, hukataa baadhi ya kurasa, na huacha mlango wazi kwa wezi. Kutuma zabuni ya mamilioni kupitia mashine ya namna hiyo ni kubahatisha.

La tano ni akiba, na hapa safu hii inapingana na ushauri unaotolewa kila siku na baadhi ya mafundi. Mteja akilalamika kwamba mtandao uko taratibu, anaambiwa afute akiba ya kivinjari kila jioni. Ushauri huo kwa kawaida unamtia hasara. Akiba ni ghala. Kivinjari huhifadhi humo nembo, picha na maandalizi ya kurasa unazozitembelea mara kwa mara, ili kesho kisivishushe tena. Ukifuta kila jioni, kila asubuhi unanunua upya bidhaa uliyokuwa nayo ghalani. Futa akiba pale tu ukurasa fulani unapogoma au unapoonyesha taarifa za zamani, au simu inapojaa kabisa. Na unapofuta, usiguse nywila ulizohifadhi kama huzikumbuki.

Programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza kasi ya intaneti kwa kubonyeza mara moja zikae mbali na simu ya biashara. Mnara hauongezi kasi kwa kuwa umeweka programu, na nyingi kati ya hizo huishi kwa kukuonyesha matangazo, yaani zinaongeza mzigo ule ule ulioukimbia.

Kupunguza mzigo wenyewe

Baada ya usafi, sasa lumbesa yenyewe. Kwenye Chrome ya kompyuta, Mipangilio ya tovuti ina sehemu ya Picha, ambapo unaweza kuzuia tovuti zisionyeshe picha. Kwa mtu anayesoma bei na matangazo ya zabuni, picha 10 za viongozi wakikata utepe hazimwongezei kitu. Akizihitaji, anaziruhusu kwa tovuti moja.

Wapo wanaoulizia kile kitufe cha zamani cha Chrome kilichokuwa kikiokoa data kwenye simu. Kiliondolewa Machi 2022, kwa hiyo wasipoteze muda kukitafuta. Badala yake, Opera Mini, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2005, ina hali ya kubana kurasa: ukurasa hupitia kwanza kwenye mashine za Opera, hupunguzwa, ndipo huletwa kwenye simu. Kwa mtu aliye kwenye E au H dhaifu, tofauti huwa kubwa. Lakini tahadhari iwekwe hapa kwa herufi nzito: katika hali ya kubana kupita kiasi, mashine za katikati huweza kusoma kilichomo ndani ya ukurasa. Isitumike kwa benki, kwa hisa, kwa kodi wala kwa nywila yoyote. Habari na bei zisomwe humo. Fedha zipite kwenye kivinjari cha kawaida.

Firefox ya simu inakubali viongezi vya kuzuia matangazo, kama uBlock Origin, jambo ambalo Chrome ya simu haikubali. Matangazo yakizuiwa, kurasa nyingi za habari hupungua uzito kwa kiasi kinachoonekana kwa macho. Hapa gazeti haliwezi kujifanya halina masilahi, kwa kuwa nalo linaishi kwa matangazo. Lakini tangazo la gazeti halimtozi msomaji kwa uzito wake. Tangazo la mtandaoni linalokula bando la msomaji linamlipisha asiyetakiwa kulipa. Wenye tovuti wakitaka matangazo yao yaachwe, wayafanye mepesi.

Suala la VPN nalo linahitaji neno. Watu wengi waliziweka simu zao kwenye VPN za bure na kuzisahau zikiwa zimewashwa. Kila ukurasa wanaoufungua unazungukia kwanza nchi nyingine, kwenye mashine iliyojaa watu, ndipo urudi Sumbawanga. Zaidi ya hilo, Oktoba 2023 TCRA ilitangaza kuwa watumiaji wa VPN wanatakiwa kuziandikisha. Mwenye kampuni anayeihitaji kwa kazi halali afuate utaratibu; asiyejua kwa nini anayo, aizime aone tofauti.

Mwisho katika sehemu hii, angalia nani mwingine anakula chakula chako. Mtu anapowasha hotspot kutoka kwenye simu ili atumie kompyuta, Windows hudhani imepata mtandao wa bure na kuanza kushusha masasisho. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi na kuuandika mtandao huo kuwa ni wa kulipia kwa kipimo. WhatsApp nayo huweza kushusha picha na video za makundi yote bila kuulizwa. Ukiizuia isishushe yenyewe unapotumia data ya simu, makundi ya harusi na vichekesho hayatakula kasi ya mnada.

Mwisho wa wajibu wa mtumiaji

Mwenye kufanya yote hayo amemaliza sehemu yake. Kasi ikiendelea kuwa mbovu, yapo mambo yasiyo mikononi mwake. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikaingia kwenye mtandao dhaifu. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Katika siku kama hizo hakuna kivinjari kinachosaidia. Funzo kwa mfanyabiashara ni kutosubiri saa ya mwisho: ritani ya tarehe 20 iwasilishwe tarehe 15, na zabuni ipandishwe siku 2 kabla ya kufungwa. Pia namba za simu za wanunuzi wa Tunduma, Kasanga na Dar es Salaam ziandikwe kwenye daftari.

Lakini pale ambapo kasi mbovu ni ya kila siku, mteja asinyamaze. Kanuni za vifurushi za mwaka 2021 zinaitaka kampuni imjulishe mteja matumizi yanapofika asilimia 75 na 100. Anayeuziwa kifurushi kisicho na kikomo asome masharti, kwa sababu vingi hupunguzwa kasi baada ya kiwango fulani. Daftari la vipimo vya alfajiri, mchana na usiku, lenye tarehe, mahali na herufi iliyokuwa juu ya kioo, ndilo ushahidi. Malalamiko yaanzie kwenye kampuni yenyewe, na yasipojibiwa yaende TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini mjini Mbeya. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kuwekwa kando. Daftari 20 za wafanyabiashara wa soko moja ni vigumu kuzipuuza.

Wenye kurasa nao wawajibike

Wa mwisho kudaiwa ni taasisi zinazotoa taarifa kwa wafanyabiashara. Imekuwa ni jambo la kawaida kwa taasisi kutoa orodha ya bei au tangazo la ununuzi kwa kulipiga picha, kulifunga kwenye faili la megabaiti kadhaa, na kuliweka mtandaoni likiwa limelala upande. Maandishi yale yale yangeandikwa moja kwa moja kwenye ukurasa, yasingefika hata kilobaiti 20. Mkulima wa Laela anayetaka kujua bei moja analipia muhuri, nembo na kivuli cha karatasi.

Kwamba wepesi unawezekana, ushahidi upo. Menyu ya Serikali ya *152*00# hufanya kazi kwenye simu ya tochi bila intaneti kabisa, na huduma za fedha kwa simu zimejenga biashara kubwa nchini kwa menyu za namna hiyo hiyo. Waliozibuni walimfikiria mtu mwenye simu ndogo na mnara dhaifu. Walioandaa kurasa nyingi za leo wanafanyia kazi mezani kwenye mtandao wa waya, na wanajaribu kazi yao kwenye simu mpya. Mamlaka ya Serikali Mtandao ingefanya jambo la maana kuweka kikomo cha uzito kwa kurasa za taasisi za umma zinazotoa bei, zabuni na kodi, na kuzipima kwenye simu ya bei nafuu ikiwa kwenye 3G. Vyama vya wafanyabiashara vya mkoa vina sauti ya kulidai jambo hilo, kama mkulima alivyodai mizani.

Hadi hapo litakapotekelezwa, mizani iko mkononi mwa mtumiaji. Ndugu msomaji, safari ijayo duara likianza kuzunguka, usikimbilie vocha. Tazama herufi juu ya kioo, jaribu simu ya jirani, funga kurasa ulizozisahau, zima VPN usiyoijua, kisha fungua tena. Kama mzigo bado ni mkubwa baada ya hapo, andika tarehe na saa kwenye daftari, na uanze kudai haki yako.